Kitabu Kimoja Kilichochakaa

"Miaka miwili, Bi Wanu! Miaka miwili mwanao kaikalia mali ya serikali, na wewe upo hapa unakaanga kachori kama hapana lililotokea!"

Aliyelalamika hivyo ni Bwana Ahmada, mtunza stoo wa skuli yetu ya sekondari. Alilalamika saa nne ya mapumziko, mbele ya foleni nzima ya wanafunzi, mafuta yangu yamechemka na mkono wangu umo kwenye unga.

"Kitabu alikileta," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekikataa."

"Mimi nilimpa kitabu. Alichonirejeshea ni mbatata za urojo."

"Na cheti cha mtoto ndo ukae nacho kabatini mpaka kioze?"

"Kwangu mimi hakiozi kitu. Cheti kitatoka siku kitabu kitakaporudi kama kilivyotoka, na jalada lake juu."

"Kama kilivyotoka! Wewe ulivyotoka kwa mamako ndivyo ulivyo leo? Hebu vua kofia tulione jalada lako."

Foleni ikaangua kicheko. Bwana Ahmada akaishika kofia kwa mikono miwili, kana kwamba nataka kumvua mimi, akaenda zake huku funguo zinalia kiunoni. Jumatatu iliyofuata akarudi na maneno yale yale. Kila Jumatatu alirudi. Deni la kitabu kimoja cha jiografia alilisoma kama uradi.

Mimi nauza kachori na chai ndani ya geti la skuli hiyo, upande wa Chukwani, mwaka wa kumi na tatu huu. Jina la skuli naliweka mfukoni, maana bado natafuta riziki pale. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, lakini anayekaa getini huona mengi, na niliyoyaona kwa Bwana Ahmada nataka kuyaandika sasa, kabla hajastaafu watu wakaanza kusema alikuwa mpole.

Kwao ni Makunduchi. Alisoma zama ambazo darasa la watoto arobaini na tano lilikuwa na kitabu kimoja, nacho kiko mkononi mwa mwalimu. Yeye alikaa nyuma. Mwalimu akikiinua kitabu akasema, "Tazameni mlima huu unaotoa moto," walio mbele waliuona mlima, wa katikati waliona moshi, na Ahmada aliona kisogo cha mwenzake. Kitabu cha skuli alikishika mara ya kwanza ana miaka kumi na tano, na anasema alinawa mikono kwanza. Mtu wa namna hiyo ukimpa stoo ya vitabu umempa pepo.

Akapewa. Aliingia stoo ndevu zake nyeusi, na mwisho wa mwaka huu anatoka na ndevu nyeupe. Muda wote huo hakikuchanika kitabu, wala mende hakuingia. Kila kitabu alikivika karatasi ya kaki, na juu ya kaki nailoni. Kaki alikwenda kuinunua mwenyewe kwa Tushar, Mhindi mwenye duka la karatasi mjini, kwa pesa ya mshahara wake. Tushar alikuwa akimwambia, "Ahmada bhai, kwa kaki uliyonunua kwangu ungekuwa ushajenga banda la uani."

Mkewe, Bi Saadiya, anayekaa naye Kikwajuni, jambo hilo halimchekeshi. "Masika moja paa la stoo lilivuja," aliniambia tukiwa arusini. "Akaja akabeba mashuka yangu mapya, yale ya maua, akaenda kuvifunika vitabu. Na mimi huku kwangu kunavuja, nimekinga sufuria."

Sasa utauliza, na wanafunzi je? Wanafunzi vitabu walikuwa wakiviona. Kipindi cha jiografia kikifika, Bwana Ahmada alileta vitabu kumi ndani ya kapu, akagawa kimoja kwa watoto watano, akasimama mlangoni. Kengele ikilia alivikusanya, akakagua jalada na kingo za kurasa, kimoja kimoja, bila kuvifunua. Kwenda navyo nyumbani, hapana. Aliyetia doa alilipa kitabu kipya. Mwisho watoto wakawa wanafunua kwa ncha ya kidole, kama mtu anayekagua samaki wa jana. Walimu nao wakachoka kuomba, wakarudi kuandika ubaoni. Vitabu vikabaki kwenye rafu vinanuka naftalini, vizuri mashaallah, kama biharusi aliyefungiwa fungate na bwana hakuja.

Kimoja tu ndicho kilichoponyoka. Mwanangu Badria alikuwa kiongozi wa darasa kidato cha nne, na kiongozi aliruhusiwa kuchukua kitabu kimoja siku ya Ijumaa akirejeshe Jumatatu. Mtihani umekaribia, Badria akachukua cha jiografia, na Jumatatu hakwenda nacho. Kikalala kwetu miezi mitatu. Habari ikaenea kwa wenzake, wakawa wanakuja wawili wawili. "Shikamoo Bi Wanu. Badria yupo? Tumekuja kusoma." Wakakisoma barazani, wakakisoma jikoni huku wananimenyea mbatata, wakakichukua makwao na kukirudisha. Kila aliyekichukua nilimwamrisha aandike jina lake ndani, kwenye ukurasa wa mwisho, nisije nikadaiwa mimi. Mtihani ulipokwisha, jalada lilikuwa halipo tena, na ukurasa wa sitini na moja, wenye picha ya mlima unaotoa moto, ulikuwa na mchuzi wa samaki. Badria akakirejesha. Bwana Ahmada akakishika kwa vidole viwili, akamrudishia mwenyewe, na vyeti vilipokuja akakifungia cha Badria kabatini. Daftarini akaandika: kimepotea.

Hilo ndilo deni. Sasa njoo kwenye vitabu vipya.

Mwaka huu umekuja mtaala mpya. Vitabu vya zamani mambo yake yamepitwa na wakati, na mtihani utauliza mambo mapya. Ofisi ya elimu ya wilaya ikasema ina fungu la kununulia vitabu vya sekondari, ila fungu lenyewe dogo. Kila skuli iunde kamati, ichague kitabu kimoja cha jiografia kati ya viwili vilivyoletwa, ijaze fomu, kisha wilaya iamue nani apewe mwanzo. Atakayekosa asubiri miaka mitatu. Mwanangu wa mwisho, Mwanakheir, yuko kidato cha pili. Miaka mitatu kwake maana yake ni kumaliza skuli bila kukiona hicho kitabu anachotungiwa mtihani.

Kamati ilikuwa mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Salhiya, walimu wawili, Bwana Ahmada, na mzazi mmoja. Mzazi ni mimi. Nilichaguliwa bila kupingwa, kwa kuwa kikao kilikuwa saa nne na mimi nshafika, na kachori ziko mkononi.

Walimu waliangalia mazoezi na ramani. Mimi niliangalia ukubwa wa maandishi, maana umeme wetu unajulikana. Bwana Ahmada hakufunua chochote. Alikinusa gundi kitabu cha kwanza, akakishika mgongoni, akakining'iniza, akakitikisa. Cha pili vilevile.

"Hiki kimeshonwa kwa uzi," akasema. "Kile kimebandikwa. Mwaka mmoja tu, majani yote chini."

"Na ndani mna nini?" nikamuuliza.

"Ya ndani wataangalia walimu."

Bahati ya Mungu, kilichoshonwa ndicho walichokitaka walimu. Tukapitisha. Siku ile Bwana Ahmada alipita kwenye meza yangu asinidai kitu. "Mia mbili na arobaini, Bi Wanu," akaniambia. "Vipya. Nnavivika kaki vyote kabla sijastaafu. Nikiondoka, naiacha stoo imejaa." Macho yake yalikuwa yamelowa. Mtu mzima huyo.

Wiki iliyofuata akaja afisa wa vitabu kutoka wilayani, Bi Mehreen, binti wa Kihindi wa mjini, mwembamba, mpole wa sauti, na kalamu yake haina mzaha. Fomu yake ilikuwa na safu tatu: vizima, vichakavu, vilivyopotea. Bwana Ahmada akafungua kufuli zake tatu, akawasha taa, akasimama pembeni kama baba anayeozesha.

Bi Mehreen akachukua kitabu cha jiografia, akakifunua. Kikalia kra, kama kiatu kipya. Akachukua cha pili. Akachukua cha kumi.

"Hivi ni vya mwaka gani?"

"Mwaka wa kumi na moja huu," Bwana Ahmada akajibu, kifua mbele.

"Mashaallah! Sijaona skuli inayotunza hivi."

"Ni wajibu wetu."

Akaandika. Vizima, mia moja na tisini na tisa. Vichakavu, hapana. Vilivyopotea, kimoja. Kisha akaifunika kalamu. "Basi nyinyi hamna shida," akasema. "Skuli jirani vyao vyote vichakavu, na nusu vimepotea. Wao ndio mwanzo."

Skuli jirani naijua. Kuna mwanamke wa kule huniuzia njugu, na njugu zake hufungwa kwa kurasa za vitabu vya baiolojia. Moyo na mapafu nshavisoma vyote kwa njugu za shilingi mia mia.

"Lakini Bi Mehreen," Mwalimu Salhiya akasema, "mtaala umebadilika."

"Umebadilika kwa wote, mwalimu. Fedha ndiyo haikuongezeka. Fomu inauliza hali ya vitabu, na mimi naandika ninachokiona. Baada ya wiki mbili napita tena kuichukua ikiwa imesainiwa. Kama mna la kusema, mniambie siku hiyo."

Alipoondoka, Bwana Ahmada alikaa juu ya boksi la chaki, na hilo hajapata kulifanya, maana chaki nazo ni mali ya serikali.

Kamati ikakaa siku ile ile. Mwalimu mmoja akashauri tuvianike vitabu juani. Mwengine akasema jua halitoshi, tuvipake chai ya rangi kisha tuvisugue kwenye ukuta wa mawe.

"Kisugueni kichwa changu kwanza!" Bwana Ahmada akainuka. "Kitabu kina kosa gani?"

"Hapana haja ya chai wala ukuta," nikasema. "Wapeni watoto wavisome. Wiki mbili, waende navyo majumbani. Wakirudi navyo vitakuwa vishachakaa vyenyewe."

Mwalimu Salhiya akanitazama kama niliyetukana. Wallahi, wazo la kuwapa wanafunzi vitabu lilikuwa halijampitia mtu yeyote pale, na wote wamesoma kunishinda.

Kesho yake asubuhi wanafunzi wakapangwa uwanjani, wakagawiwa vitabu mpaka vikaisha. Bwana Ahmada akatakiwa aseme neno. "Nendeni navyo nyumbani," akaanza. "Mka... mkavitumie." Neno lilitoka kama mwiba wa samaki kooni. Kisha mazoea yakamshinda. "Na ole wake atakayenitilia doa!"

Ulimi huo ndio uliotuponza. Wiki mbili zikapita, vitabu vikarudi vyote mia moja na tisini na tisa, na vyote vizima. Si vizima tu, vizuri kuliko vilivyotoka. Mtoto mmoja alikiweka juu ya kabati la mamake asiruhusu mtu kupita karibu. Wengine walivipiga picha kwa simu siku ya kwanza, wakavifunga, wakasoma simu. Watatu waliipiga pasi kaki. Mwanakheir wangu alikitia chake ndani ya foronya, akaifunga fundo.

"Mbona hukukisoma?" nikamuuliza.

"Mama wee, unataka na mimi nikose cheti kama Badria?"

Bwana Ahmada alivikagua vyote, kimoja kimoja. Miaka yote alitafuta doa asilipate akafurahi. Siku ile alilitafuta akiomba alipate, na hakulipata. Aliwafunza watoto, wakafunzika. Na Bi Mehreen alikuwa anakuja kesho.

Alasiri nikasikia hodi barazani kwangu. Ni Bwana Ahmada, na siku yenyewe si Jumatatu.

"Karibu. Umekuja kudai?"

"Nimekuja kuomba." Akakaa ukingoni mwa baraza. "Kile kipo?"

"Kile kipi?"

"Kile, Bi Wanu."

"Aaa, mbatata za urojo?"

"Usinisimange."

"Nitakusimanga mpaka niridhike, ndipo nikupe. Miaka miwili hukunihurumia mbele ya wateja wangu."

Akasubiri nisimange. Mtu akikungoja hivyo hamu yenyewe hukutoka. Nikaingia ndani nikamletea. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka mapajani, akakifunua polepole. Kilifunuka kama leso, bila kulia. Alipofika ukurasa wa sitini na moja akasita.

"Ndo huu," akasema.

"Mchuzi huo niliupika mimi, na nazi yake ilikuwa nzuri."

"Si mchuzi. Mlima. Huu ndo ule wa mwalimu wetu. Sijapata kuuona vizuri."

Nikamkazia macho. "Bwana Ahmada, mlima huu unao wewe stoo, mara mia mbili, mwaka wa kumi na moja."

"Nilikuwa nachelea kuvivunja migongo."

Nikamtilia chai.

Asubuhi Bi Mehreen alipofika, vitabu mia moja na tisini na tisa vilikuwa mezani, vimepangwa kama matofali. Bwana Ahmada akakiweka cha Badria mbele yao.

"Kilichopotea kimepatikana," akasema.

Bi Mehreen akakigeuza, akakifunua, akanusa kidogo, akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho. "Na majina haya ni ya nani?"

"Ni waliokisoma," nikasema. "Niliwaandikisha mimi."

Majina yalikuwa kumi na nane. Mwalimu Salhiya akaenda ofisini kuchukua karatasi ya matokeo ya mwaka ule, wakalinganisha kwa rula. Kumi na sita kati yao walifaulu jiografia. Skuli nzima waliofaulu jiografia mwaka huo ni ishirini na mmoja.

Bi Mehreen akaiweka kalamu chini. "Kitabu kimoja kimefaulisha watu kumi na sita," akasema. "Na hivi mia moja na tisini na tisa vimefanya kazi gani?"

Mimi nilikuwa na jibu, lakini nilimwachia mwenyewe.

"Hivyo nimevitunza," Bwana Ahmada akasema. Sauti ilikuwa ndogo, nayo ikaendelea kutoka. "Ni kosa langu mimi, usiwape watoto. Ukiandika vizima, mwenye kusoma fomu atadhani wamevitumia. Andika kuwa skuli hii haijapata kuwa na vitabu."

"Fomu haina safu ya namna hiyo."

"Basi geuza nyuma uandike."

Bi Mehreen akaigeuza fomu, akaandika nyuma yake, mistari mingi, akatusomea. Kwamba wanafunzi hawakupewa vitabu hapo mwanzo, na hata vya zamani mambo yake yamepitwa na wakati. Kwamba anapendekeza skuli ipewe vitabu vipya awamu hii, mia mbili na arobaini, kwa masharti. Kila mwanafunzi apewe chake akae nacho mwaka mzima. Doa lisitozwe. Cheti kisizuiwe kwa ajili ya kitabu. Na ufunguo wa stoo ukae kwa mwalimu mkuu.

"Mtunza stoo asaini hapa," akasema.

Bwana Ahmada akaisoma mara mbili. Vitabu vyake vipya alivipata, na stoo aliyotaka kuiacha imejaa ataiacha tupu. Akaomba kalamu nyengine, kwa kuwa ile ilikuwa inavuja wino, akasaini. Kisha akafungua funguo tatu kiunoni, moja moja, akazipanga juu ya meza.

Barua ya wilaya ilikuja baada ya wiki tatu, na vitabu mwezi uliofuata. Uwanjani vikagawiwa. Bwana Ahmada aliulizwa kama ana neno, akasema hana. Ila kwenye kapu lake mlikuwa na karatasi za kaki alizozikata mwenyewe, mia mbili na arobaini, na kila mtoto akapewa ya kwake. Mkongwe haachi asili.

Jumatatu, saa nne, foleni imejaa, nikamwona anakuja na daftari lake la madeni kwapani. Watoto wakasogea, walitaka kusikia nitamwambia nini safari hii.

Akafungua daftari juu ya meza yangu, mbali na mafuta. Akatia rula, akaukata mstari wa Badria kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, nami nikayasoma maandishi juu chini: *Kimepokelewa. Kimesomwa. Deni limesamehewa.*

"Na mchuzi wa ukurasa wa sitini na moja?" nikamuuliza.

"Huo nimeuacha ulipo."

Kutoka ndani ya daftari akatoa cheti cha mwanangu. Alikuwa amekivika kaki, na juu ya kaki nailoni, kona zimekunjwa sawasawa. Nikanawa mikono kwanza ndipo nikakipokea. Nikakikagua mbele na nyuma, polepole, huku naye ananingojea.

"Haya," nikasema. "Kimerudi kama kilivyotoka."

Bwana Ahmada akaomba kachori mbili, akazila pale pale amesimama, daftari amelibana kwapani, na mafuta yakimchirizika mpaka kwenye kiwiko.